Ala, Meza!

"Chuoni? Nani kakwambia alijifunzia chuoni? Chuoni alikwenda kufundisha, mwanangu. Kujifunza alijifunzia hapa hapa Maramba, nyuma ya jiko la Mzungu, na tonge la bada limemkaa shavuni."

Ndivyo nilivyomjibu mjukuu wangu Yudith mchana ule, tumekaa uani tunamngoja bibi yake Praxeda. Praxeda ni mdogo wangu, tumbo moja, na kazi yake ni kufundisha Kispanyola kwenye chuo kikuu huko Ulaya.

"Kihispania, babu," Yudith ananisahihisha.

Haya, Kihispania. Mimi shule niliiona darasa la pili tu, tena kwa dirishani zaidi kuliko kwa mlangoni. Mdomo wangu ushazoea Kispanyola, uacheni ufe nacho.

Basi tumekaa. Chakula tayari tangu jua liko hapa. Bada, ugali wetu wa muhogo, imefunikwa, samaki changu wa Kigombe wamo kwenye nazi, na mboga ya mchunga imepikwa ile chungu kweli, si huu wa siku hizi wanaouchemsha mpaka unakuwa kama kabichi. Watoto wamenuna. Katikati ya ua tumeitoa ile meza, imefutwa, imetandikwa leso mpya, na hakuna aliyeikaribia.

"Babu, kwani tukila sisi, yeye hatakula akija?"

"Kuleni mkekani kama mna njaa. Pale mezani hapaliwi mpaka Praxeda akae."

Hakuna aliyekwenda mkekani. Walijua. Maana Praxeda alishasema anakuja mara nyingi tu, na tukapika, na kikapoa. Mara mitihani ya wanafunzi wake. Mara mumewe kaugua. Mara ndege, sijui ndege ilifanya nini. Safari hii alikuwa ameshafika Mombasa, alilala huko, na asubuhi wakasema anavuka mpaka wa Horohoro. Horohoro ni hapo tu, lakini mimi moyo wangu ulikuwa haujakubali. Mtu akishakaa mbali miaka mingi, hata akiwa mlangoni unaona bado yuko mbali. Nilichokuwa nakitaka mimi ni kitu kimoja: nimwone kakaa kwenye ile meza, kala. Basi. Baada ya hapo hata wakiniita juu naitika.

Sasa Yudith ni mdadisi. Akaniambia, "Tupe basi hiyo hadithi, babu, maana njaa inauma." Nikawapa. Na wewe nakupa hivyo hivyo.

Baba yetu, Ernesti, alikuwa Mngoni wa Songea. Alikuja huku manamba. Manamba ndio wale walioletwa kwa mkataba kukata mkonge, kila mtu na namba yake, ukiitwa unaitwa namba, jina lako unaliacha kwa mama yako. Alimwambia mama, tukimaliza mkataba tunarudi. Mkataba ukaisha, ukaja mwingine, tukazaliwa sisi, na Songea ikabaki kuwa mahali ambapo baba anapatazama akikaa kimya. Uso wake ulikuwa unaelekea kusini, hata kambini penyewe pakiwa hapana cha kuona ila mkonge na mkonge.

Mwaka wa hamsini na mbili mama akafa. Homa. Mimi nilikuwa kijana, nimeshaanza kukata. Praxeda alikuwa mtoto, meno ya mbele bado yanatoka. Hakulia. Angelia tungejua la kufanya. Yeye aliacha kumeza. Unampa tonge, anapokea vizuri, anaweka mdomoni, analipeleka shavuni, basi, linakaa huko. Utamkuta jioni bado analo. Unamwambia, "Praxe, meza." Anakutazama tu, na yale macho. Baba alimbembeleza, alimtisha, alimpeleka kwa masista wakampa dawa, na dawa nayo akaiweka shavuni. Mtoto akawa anakwisha tunamwona, mkono kama ufito.

Mama yetu mdogo, Bibiana, mdogo wake marehemu, alikuwa mpishi kwa Mgiriki. Yule Mgiriki alikuwa fundi mkuu wa korona, ndiyo ile mashine inayokwangua majani ya mkonge mpaka zitoke singa nyeupe. Sisi tukimwita Bwana Korona. Mtu mpole, ila kelele za mashine zilimfanya aongee kama anagombana. Nyumba yake ilikuwa kilimani juu ya korona, ukitoka barazani unaziona singa zimeanikwa kwenye nyaya, bonde zima jeupe.

Mkewe hakuwa Mgiriki. Alikuwa Mspanyola, walikutana huko huko kwao. Jina lake Amparo, watu wakamwita Mama Paro. Mwanamke mfupi, nywele nyeusi, anavaa nguo nyeusi, na hana wa kuongea naye. Mumewe Kispanyola alikijua cha kuombea chakula. Kiswahili yeye hana, Kiingereza hana. Mama Bibiana anasema alikuwa anaongea na kuku. Tena si utani. Anakwenda bandani, anawaeleza kuku habari ndefu, kuku wanainamisha vichwa, anarudi ndani.

Basi Mama Bibiana akawa anakwenda na Praxeda kazini, ili asikae peke yake kambini. Anamweka nyuma ya jiko, kwenye kivuli cha ukuta, anampa tonge lake, na yeye anaendelea na masufuria.

Sasa, kila adhuhuri, chakula kikiwa tayari, yule mama alikuwa anatoka barazani anamwita mumewe kule chini. Na kwa kuwa korona inanguruma, anaita kwa nguvu zake zote. Kwa lugha yake, "twende mezani" wanasema *a la mesa*. Lakini wewe lisikie kwa sikio la mtoto wa manamba, aliyekaa ukutani na tonge shavuni, hana habari:

"ALA! MEZA!"

Praxeda akashtuka. Akameza.

Mama Bibiana aliliona tonge likishuka kooni, kama panya anavyopita chini ya mkeka. Mwiko ukamponyoka. "Kameza! Jamani, kameza! Mtoto kameza!"

Mama Paro akaja mbio, anadhani jiko linaungua. Akamkuta mpishi wake anarukaruka, anamwonyesha mtoto kidole. "Kameza, memsabu!"

Yule mama naye na sikio lake. Yeye kasikia nini? Kasikia mesa. "*Mesa?*"

"Eeeh! Kameza!"

"*¿La mesa?*"

"Si wewe mwenyewe uliyemwambia? Kameza!"

Mama Paro akamtazama yule mtoto, vumbi mpaka kwenye kope. Akaelewa kwamba mtoto anaomba akae mezani. Akainama, akamshika mkono, huyooo, akamwingiza ndani, akamkalisha kwenye kiti. Enzi zile, mwanangu! Mtoto wa manamba kwenye meza ya Mzungu! Mama Bibiana anawafuata nyuma, mikono kichwani, "Yesu na Maria, leo kazi sina."

Bwana Korona akapanda kutoka kiwandani, mafuta mpaka kwenye viwiko. Akakuta mtu kwenye kiti chake, miguu haifiki chini.

"Bibiana! Nini hii?"

"Bwana, muulize mkeo. Mimi nimesema mtoto kameza."

"Kameza nini?"

"Kameza bada, Bwana."

Mgiriki akamtazama mkewe, akamtazama mpishi, akatazama meza. Yeye peke yake ndiye aliyezijua lugha zote mbili, hata kama kwa kuombea chakula. Ikamwingia polepole. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mlango. Ndipo akamweleza mkewe, kwamba kwa watu hawa, neno lako hilo maana yake pitisha kooni. Umemfokea mtoto ameze, na kameza, na alikuwa hali.

Mama Paro hakucheka. Alikaa chini akalia, kilio cha sauti. Mama Bibiana alidhani kakasirika. Kumbe, na hili Praxeda alikuja kutuambia baadaye sana, tangu afike nchi hii ilikuwa ndiyo mara ya kwanza neno la kwao kumfanya mtu afanye kitu. Hata kama alisikia vingine.

Ikawa ndiyo dawa. Kila adhuhuri Praxeda anakaa na tonge lake, anangoja. "Ala, meza!" Linashuka. Baadaye hakungoja tena, akawa anakula mwenyewe, mezani kwa Mama Paro, na jioni anatuletea maneno kambini kama mtu anayeleta embe kwenye upindo wa kanga.

Tulikuwa tunakaa dukani kwa Jaku, Mpemba mmoja mwembamba, mcheshi. Praxeda anapanda juu ya gunia la mchele, anatusomea.

"Sukari wanasema *asúkar*."

"Ati nini?" Jaku anasema.

"*Asúkar*. Na limau wanasema *limón*. Na bendera, *bandera*."

"Wee! Huyo si Mzungu, huyo ni jamaa yetu kapotea njia! Kamwambie aje achukue sukari yake."

"Na akitaka jambo liwe, akiomba, anasema *ohalá*."

Jaku akasimama, kofia mkononi. "O, Allah? Wallahi huyo ni Muislamu, hajijui tu! Ernesti, mwanao ataniletea Uislamu kutoka kwa Mgiriki!"

Na baba akacheka. Tangu mama afe nilikuwa sijakisikia kicheko chake. Nilikitazama kama mtu anayetazama mvua.

Mwenyewe Praxeda hakucheka. Alikuwa na swali linamsumbua. Akamuuliza Jaku, akamuuliza baba, akanikalia na mimi kooni, "Kaka Timotheo, neno meza ni la nani? La kwetu au la kwao?" Mimi nitajua wapi? Nikamwambia ni la seremala. Lakini lile swali halikumtoka. Hata alipokwenda shule ya masista, sista akimfundisha hesabu yeye anauliza neno limetoka wapi. Sasa Yudith ananieleza kwamba Wareno walipita pwani hii zamani wakatuachia hilo neno, na Wareno na Wahispania ni majirani. Yawezekana. Mimi najua lilitoka mdomoni kwa Mama Paro likaingia shavuni kwa mdogo wangu.

Baba naye akaona jambo. Mtoto akirudi nyumbani, kwenye mkeka, anakula kidogo. Kashazoea kukaa juu. Mwingine angemchapa. Baba akaenda kuomba mbao za makasha yanayokuja na vyuma vya korona, akaanza kutengeneza meza. Hakuwa fundi, mikono yake ilijua panga la mkonge. Alikuwa anatengeneza kidogo, anaiacha, mbao zinapindika, anabomoa. Alikwenda hivyo miaka. Tukamtania mpaka tukachoka. "Baba, hiyo meza itaolewa lini?" Anasema, "Itaolewa ikishakuwa na miguu." Na mguu mmoja ulikuja mfupi, mpaka leo tunauwekea gunzi.

Ilimalizika mwaka wa hamsini na nane, na ndio mwaka Bwana Korona alipomaliza kazi. Wanaondoka, wanakwenda kwao Mama Paro, mji wa pwani, anasema huko wanakula wali wa njano kwenye kikaango kipana. Mama Paro akaja kambini kwa miguu yake. Kiswahili alikuwa ameshakijua, cha jikoni. Akasimama mbele ya baba.

"Mzee Ernesti, Praxeda ana kichwa. Huko iko shule kubwa. Mimi nampenda. Miaka minne, mitano, anarudi."

Baba akatazama kule kwake kusini. Kisha akasema, "Memsabu, mimi niliambiwa mkataba mmoja. Anayekwenda mbali hakai zile siku alizosema. Nakujua wewe, na wewe unanijua, wote hatuko kwetu." Akamgeukia Praxeda, "Unataka?"

Praxeda akasema, "Nataka, baba." Sauti ndogo, lakini haikutetemeka.

"Basi nenda. Ila utakula kwanza. Hapa, kwenye meza yangu."

Siku ya kuondoka tukapika. Bada, changu, mchunga, kama leo. Meza ikawekwa uani, gunzi likawekwa, baba kavaa shati la kanisani. Tumeshanawa mikono. Ndipo gari la Bwana Korona likaja na honi, mapema kuliko ilivyosemwa: meli iko Mombasa, safari yake imewahishwa, inaondoka, na barabara ya Horohoro imeharibiwa na mvua. Twende, twende, twende! Sanduku likarushwa juu. Praxeda alishika tonge, alilichovya kabisa, nakumbuka mchuzi ukimtiririka kwenye kiganja. Mama Bibiana anamwambia, "Litie mdomoni mwanangu, utamezea garini." Akalirudisha sahanini. Akasema, "Hapana. Nitakula nikirudi. Hapa hapa."

Akaenda.

Baba alifunika chakula. Hatukukila, tukawapa majirani. Na tangu siku ile, kwenye ile meza hapakuliwa. Tuliwekea taa, tulipigia pasi, harusi ya mwanangu tuliwekea zawadi. Chakula tulikula mkekani, na baba mwenyewe mkekani. Mgeni akiuliza kwa nini, baba anasema, "Ina mwenyewe."

Habari zake zilikuja vipande vipande. Kamaliza shule. Kaingia chuo. Kaolewa huko. Kawa mwalimu, anawafundisha vijana wa Kizungu lugha ya Wazungu wenzao, hebu fikiria. Padri mmoja wa huko alipita hapa akatuhadithia alimkuta darasani. Kila mwaka, siku ya kwanza, wanafunzi wapya wamekaa, yeye anasimama, anagonga meza kwa kiganja, anapaza sauti, "*¡A la mesa!*" Halafu anawasimulia habari ya mtoto wa manamba na tonge lake. Wanacheka. Kisha anawaambia: lugha ndivyo inavyoingia, kwa kusikia vibaya na mtu mwenye moyo mzuri karibu.

Baba alilifurahia hilo. Lakini alimuuliza padri jambo moja tu. "Anakula?"

Na siku baba alipokuwa anakata roho, maneno yameshampotea, alinishika mkono akasema, "Praxe kala?" Nikamwambia kala, baba. Kala, kashiba. Ungemwambia nini?

Hapo ndipo nilipofika, na Yudith anafuta macho na upindo wa kanga, honi ikalia barabarani.

Hatukusimama. Sijui kwa nini, wote tulibaki tumekaa kama tumefungwa. Gari likasimama. Akashuka bibi mmoja mfupi, nywele nyeupe pe, miwani, viatu vya kamba. Nikamtafuta mdogo wangu mle ndani simwoni. Mpaka akatembea. Ule mwendo, kisigino kinatoka nje kidogo, ule ni wa mama.

"Shikamoo, kaka Timotheo."

"Marahaba, Praxe."

Watoto wakaanza kuchekeana, maana Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, cha zamani kile, kama nguo iliyotunzwa sandukuni. Hakuna anayesema hivyo tena. Mimi kilinikata maini. Nikawasikia wote mle: Jaku, Mama Bibiana, baba. Wote wamekufa, na sauti zao alikuwa nazo yeye, huko kwenye baridi.

Akaiona meza. Akaizunguka polepole, mkono juu ya ubao. Akainama akaliona gunzi.

"Ni ile?"

"Ile."

"Mlikuwa mnakula hapa?"

"Hapana."

"Hata siku moja?"

"Nani angekaa?"

Akaweka kiganja mdomoni. Akasimama hivyo. Na sisi tukainuka, tukasimama hivyo hivyo, maana mgeni hajakaa, na mgeni naye hakai, anatazama pale upande wa kichwa cha meza, mahali pa baba. Nazi inapoa. Nilitaka kusema karibu, karibu kwenu, mama yangu. Nilikuwa na maneno mengi nimeyatayarisha tangu wiki iliyopita. Hayakutoka. Kitu kilinikaa hapa kooni, hakiendi juu, hakishuki. Nikamtazama tu.

Naye akanitazama. Akaniona. Nani mwingine angeniona, kile kitu alikijua kuliko watu wote.

Akavua miwani. Akagonga ubao kwa kiganja, akapaza sauti, sauti kubwa ya kuishinda korona:

"ALA! MEZA!"

Nikameza. Wallahi kama Jaku angekuwapo angekuwa shahidi, nilimeza. Yudith akapasuka kicheko huku analia, watoto wakavamia, huyu na kigoda, huyu na ndoo kaipindua, viti havitoshi, sukumeni huko. Praxeda akanishika mkono akanikalisha mahali pa baba. Kisha yeye akakaa, pembeni yangu, pale pale. Meza ikayumba kidogo juu ya gunzi lake, ikatulia. Akanawa, akafunua bada, akakata tonge.